Feni za volti 12 botini: kupata hewa kabinini bila kuua betri

Mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukishalegea na wa kusi haujaingia, boti iliyofungwa boyani kwenye hori la Tudor au Mtwapa hailaliki. Mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hushuka mpaka karibu 24 tu. Hiyo ni nje, kivulini. Ndani ya kabini ya faiba iliyoshinda juani, magodoro yakiwa yamekunywa unyevu na madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi na mvua, hali ni nyingine kabisa. Nguo zinaota koga, mbao zinanuka, na baharia anaona heri akalale sitahani.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni feni kubwa. Inanunuliwa, inafungwa, inavuma kwa makelele, na hewa ileile yenye jasho la jana inazunguka mlemle ndani. Asubuhi betri imekwisha na injini haiwaki. Msimamo wangu ni huu, na kila hatua hapa chini inautegemea: tundu kwanza, feni baadaye. Feni ndogo ya wati 3 iliyopewa pa kuvutia na pa kutolea hewa itakufaa kuliko feni ya nyumbani ya wati 50 iliyofungiwa kwenye kabini isiyo na njia.

Maelezo haya ni ya vyombo vyenye betri ya volti 12: boti ya faiba ya uvuvi yenye kabini mbele, mashua iliyojengewa chumba, boti ya tanga ya matembezi, hata jahazi ambalo shetri yake, yaani sehemu ya nyuma, imegeuzwa chumba cha kulala. Kama chombo chako kina mfumo wa volti 24, nunua feni za volti 24. Kila ampea utakayoiona hapa igawe kwa mbili.

Jambo moja kabla hatujafika kwenye umeme. Tandika turubai juu ya sitaha, lipite juu ya paa la kabini, na uache nafasi ya shibiri au zaidi kati yake na paa ili upepo upite. Joto lililozuiwa lisiingie halihitaji feni ya kulitoa. Mwenye boti ambaye hana turubai lakini ana feni nne anajitesa bure.

Hatua ya kwanza: jua hewa inapita wapi

Hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo pa kutolea pawe juu, dirishani kwenye sitaha au karibu na dari, na pa kuingilia pawe chini na mbali, upande mwingine wa kabini. Kitanda kikae katikati ya njia hiyo. Nadharia ni hiyo, na ni ya kweli, lakini ukishafika kwenye hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, mambo hubadilika.

Chombo kilichotia nanga bahari wazi hutazama upepo. Ndani ya hori la Tudor, Mtwapa au Kilindini, mara nyingi chombo hutazama mkondo. Maji yakijaa, omo (mbele ya chombo) inaelekea baharini. Yakipwa, omo inageukia bara. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu kiasi kwamba upepo unaweza kukupiga ubavuni au tezini (nyuma ya chombo) kwa masaa, ukageuka tena maji yakigeuka. Ndiyo maana dirisha la omo linalopata upepo mzuri magharibi linakuwa kama halipo saa saba za usiku. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, upepo ndio unaotawala. Mpango wako wa hewa usitegemee boti itazame upande mmoja, na hapo ndipo feni inapostahili pesa yake: inavuta vilevile, boti ikitazama kokote.

Kujua hewa inavyopita, tumia kijiti cha udi. Kabla ya kukiwasha hakikisha hakuna harufu ya petroli wala gesi chomboni; ikiwepo, acha kabisa, uruke mpaka sehemu ya petroli, gesi na moshi hapa chini. Kama ni salama, fungua mlango na madirisha kama unavyoyaacha usiku, kaa kimya dakika chache ili usiikoroge hewa, kisha washa udi na uushike kwenye kizingiti cha mlango, usawa wa goti. Moshi ukiinama kuingia ndani, pale ni pa kuingilia. Ufuatilie. Utauona unatambaa juu ya sakafu, unapanda penye jiko, unafika kwenye kona ya kitanda na kusimama hapo hapo, unajikunja kama uzi bila kwenda popote. Kona hiyo ndiyo yenye koga; nyanyua godoro utaiona. Weka alama ya chaki kila moshi unaposimama. Rudia jaribio maji yakijaa na yakipwa, na mara moja usiku.

Usishangae ukiona moshi unaingia mlango wa nyuma na kutokea mbele hata kama upepo unatoka mbele. Paa la kabini huvunja upepo, nao hujirudisha kupitia mlango wa tezi. Kama chombo chako kina mwendo huo, usipambane nao: weka feni ya kutolea mbele, ivute kwenda kule kule hewa inakotaka kwenda.

Hatua ya pili: pima matundu

Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Feni ya milimita 120, ile ya kompyuta, ina tundu la takriban sentimita 100 za mraba. Feni mbili zinataka pa kuingilia pa sentimita 200 za mraba, kwa uchache. Sasa weka wavu wa mbu. Wavu mzuri wa mbu hupunguza hewa sana, na ukishashika chumvi na vumbi unaweza kuizuia nusu au zaidi. Kwa hiyo zidisha mara mbili: sentimita 400 za mraba, yaani dirisha la 20 kwa 20 lenye wavu. Likiwa kubwa zaidi ni bora. Kuacha wavu si jambo la kufikiria. Mahori yetu yana mikoko, na mbu wa pwani wanaleta malaria usiku na denge mchana.

Pa kuingilia pawe wapi? Njia rahisi ni mlango wa nyuma. Toa ubao wa chini wa mlango, tengeneza mwingine wa mbao za mshazari, zile zilizoinama kama za madirisha ya Mji wa Kale, upige wavu kwa ndani. Mvua haiingii, mwizi haingii, hewa inaingia. Mafundi seremala wa Mombasa wanazijua mbao hizo tangu utotoni, kwa hiyo kazi haitakuwa ngeni kwao.

Ukitaka tundu la kudumu kwenye sitaha, tumia sanduku la kutengea maji. Ni sanduku lenye mdomo wa kunasa upepo juu yake, na ndani bomba lililosimama sentimita kadhaa juu ya sakafu ya sanduku. Wimbi au mvua ikiingia mdomoni, maji hubaki chini ya sanduku na kutoka kwa vitundu vya pembeni, hewa hupanda na kushuka kwa bomba. Lakini kutoboa sitaha ni jambo la kufikiria mara mbili. Kama sitaha ya faiba ina mbao katikati, kila tundu lisilozibwa kingo zake kwa epoksi litaingiza maji, na mbao zitaoza kimyakimya miaka miwili mitatu mpaka sitaha ibonyee ukiikanyaga. Mimi napendelea feni isiyohitaji kutoboa chochote, na nitaieleza baadaye kidogo.

Hatua ya tatu: chagua feni

Pima kabini: urefu mara upana mara kimo. Kabini ya mita 3 kwa 2 kwa 1.8 ina mita za ujazo karibu 11. Kwenye boksi la feni utaona namba yenye herufi CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. Izidishe kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Feni ya CFM 60 kwa hiyo inaahidi kama mita 100 kwa saa. Hiyo ni ahadi iliyopimwa bila wavu, bila kizuizi. Botini ikate nusu. Feni mbili za namna hiyo zitakupa kweli mita 100 kwa saa, na hewa yote ya kabini yetu ya mfano itabadilishwa kila baada ya dakika sita au saba. Kwa kulala, inatosha.

Feni za kompyuta ni chaguo zuri kwa kutoa hewa: zinapatikana mjini, zinakula ampea 0.15 hadi 0.3, hazina brashi ndani kwa hiyo hazitoi cheche kwa kuzunguka, na hazina kelele nyingi. Udhaifu wake ni chumvi. Kama unaweza kupata zenye alama ya IP55 (ya kinga dhidi ya vumbi na maji) au zaidi, ambazo koili na saketi zake zimezibwa kwa utomvu, lipa tofauti ya bei bila kusitasita. Zile za kawaida utabadilisha mara kwa mara, na si vibaya mradi uwe umezifunga kwa skrubu na si kwa gundi.

Feni za dashibodi ya gari, zile za kubana kwa kibanio, huwa na mota ya brashi. Zina kelele, zinakula ampea moja au zaidi, na kutu huziwahi. Kwa dharura sawa. Feni ndogo za USB ni za volti 5 na zinahitaji adapta. Kwa kitandani si mbaya.

Ukubwa ushinde kasi. Kwa feni, kasi ikipungua nusu, hewa hupungua nusu, lakini umeme unaohitajika hushuka mpaka karibu thumuni, yaani moja ya nane. Kwa hiyo feni mbili kubwa zinazozunguka taratibu ni nafuu kwa betri, na nafuu kwa masikio, kuliko moja ndogo inayolia usiku kucha.

Hatua ya nne: hesabu ya betri

Usiiruke hatua hii. Tuchukue feni mbili za kutolea hewa, ampea 0.25 kila moja, zikiwa zimewashwa mchana na usiku: ampea 0.5 mara saa 24 ni ampea-saa 12. Ongeza feni mbili za vitandani, ampea 0.3 kila moja, saa 9 za kulala: ampea-saa 5.4. Jumla ni kama 17.4 kwa siku.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 isitumiwe chini ya nusu yake ukitaka idumu. Una ampea-saa 50, sawa na karibu siku tatu bila jua wala injini. Linganisha na feni ya nyumbani ya wati 50 kupitia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani: inakula kama ampea 5 ukihesabu na upotevu wa inveta yenyewe. Saa 9 ni ampea-saa 45. Usiku mmoja, na nusu ya betri imekwenda.

Sola: paneli ya wati 50 hutoa takriban ampea 3 jua likiwa kali utosini. Kwa siku ya kawaida, ukihesabu mawingu, kivuli cha mlingoti na kinyesi cha ndege, tegemea ampea-saa 10 hadi 12. Haitoshi kwa mfano wetu. Paneli ya wati 100 inatosha na kubakisha kidogo. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, punguza matarajio na uzime feni za mchana.

Kwa betri ya asidi iliyopumzika, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu. Funga kifaa cha kukata umeme wa feni kikifika volti 12.0. Sababu si injini peke yake. Betri hiyohiyo mara nyingi ndiyo inayoendesha pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyotuama chini kabisa ya chombo, na boti yenye tundu dogo na pampu iliyokufa itazama ikiwa boyani, feni zikiwa zimezima tangu usiku wa manane. Na usiunge feni kwenye waya wa pampu ya ngama kwa sababu tu upo karibu. Pampu iwe na njia yake na fyuzi yake. Betri za lithiamu hazifuati namba hizi, volti yake hukaa karibu 13.2 kwa muda mrefu kisha ikaporomoka ghafla, kwa hiyo tumia mita inayohesabu ampea-saa.

Hatua ya tano: ubao wa feni usiotoboa sitaha

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inafanyika kwa siku moja ukiwa na msumeno mdogo, drili na karatasi ya msasa.

Pima ndani ya fremu ya dirisha la sitaha. Tuseme ni sentimita 50 kwa 50. Kata plaiwudi ya baharini ya milimita 12 iwe pungufu ya milimita 4 au 5 kila upande, kisha zungushia ukingo mpira wa milango ya gari. Mpira ndio utakaoshika ubao usianguke na kuzuia hewa isirudi pembeni. Ubao ukiingia kwa kusukumwa na kiganja na usitoke wenyewe ukiutikisa, umepatia.

Chora matundu mawili ya duara ya milimita 115. Usiyaweke katikati, yasogeze upande mmoja ili nusu nyingine ya ubao ibaki kwa kishikio na njia ya waya. Matundu ya skrubu ya feni ya milimita 120 yako umbali wa milimita 105 kutoka moja hadi jingine, kwa hiyo hata kama feni hujanunua unaweza kuanza kutoboa. Piga msasa, kisha paka epoksi pande zote na ndani ya matundu, mara mbili. Kingo za plaiwudi hunywa kama sponji, zipe koti la tatu. Malizia na rangi nyeupe.

Kati ya feni na ubao weka vipande vya mpira, tairi la ndani la baiskeli linafaa sana, ili mtetemo usigeuze sitaha nzima kuwa ngoma. Skrubu ziwe za chuma cha pua. Ubavuni mwa feni kuna mishale miwili: mmoja unaonyesha inakozungukia, mwingine inakosukumia hewa. Wa pili utazame juu, nje. Ukikosea usijaribu kugeuza waya ili izunguke kinyume. Feni isiyo na brashi haigeuki hivyo na inaweza kuungua. Ipindue feni yenyewe. Chini weka kizuizi cha waya ili vidole vya watoto visifike kwenye mapanga, na wavu wa mbu, kwa kuwa feni ikizimwa tundu hilo linakuwa mlango.

Mfuniko wa dirisha ubaki juu, umeinuliwa nusu, feni zinapumulia chini yake. Zungushia kila tundu, upande wa juu, ukingo wa sentimita 3. Kipande cha bomba la PVC kilichogandishwa kwa epoksi kinatosha. Mvua ikiruka chini ya mfuniko, maji yatasimama nje ya ukingo. Kwa mvua ya upepo mkali, toa ubao na ufunge mfuniko. Ndiyo faida ya kitu kinachotoka kwa mkono mmoja.

Kama jiko liko nyuma ya kabini, geuza mpango: ubao kwenye dirisha lililo juu ya jiko, pa kuingilia pawe mbele. Mvuke wa wali na harufu ya papa mkavu viende juu moja kwa moja, visipite vitandani kwanza.

Hatua ya sita: waya

Volti 12 haikupigi shoti ya kuua, na kwa hiyo watu huidharau. Lakini betri ya asidi iliyogusanishwa ncha zake hutoa mamia ya ampea, waya unakuwa mwekundu kwa sekunde chache, na faiba huungua vibaya. Fyuzi kuu iwe kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 18 kutoka kwa betri. Ampea 10 inatosha kwa mfumo huu. Kutoka hapo nenda kwenye kisanduku cha fyuzi, kila tawi na fyuzi yake ya ampea 3 na swichi yake.

Tumia waya wa nyuzi nyingi wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu hugeuka nyeusi ndani ya ganda lake kwa hewa ya chumvi, na utabaki unatafuta hitilafu mahali ambapo haionekani. Unene wa milimita za mraba 1.5 unafaa: kwa ampea 2 kwenye umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, unapoteza volti kama 0.23 tu. Waya mwembamba wa 0.5 ungepoteza mara tatu yake, na feni zingezunguka kwa uvivu.

Viungo vibanwe kwa koleo la kazi hiyo, si kwa meno ya plaisi, kisha vivikwe mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Kusokota waya na kufunga tepu nyeusi ni kazi ya kutia aibu botini. Tepu huachia kwa joto la wiki moja. Karibu na feni acha waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye mota, ili maji yanayotambaa juu ya waya yadondoke pale. Waya hasi urudi kwenye kituo cha hasi cha betri, usiubane kwenye nati yoyote ya injini iliyo jirani.

Feni nyingi za kompyuta zina waya nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi. Kama nyekundu ipo na ukaona pia ya njano au ya bluu, hizo ni za kusoma na kudhibiti kasi. Zizibe kila moja peke yake.

Injini au sola ikichaji, volti hupanda hadi 14.4. Feni nyingi za kompyuta zimeandikwa mwisho wake 13.8. Weka kipunguza volti kati, ukiseti 12 kwa mchana na 9 kwa usiku kama unataka utulivu. Ukishakifunga, washa redio ya VHF, chaneli 16, na usikilize. Vipunguza volti vya bei rahisi hutia mkoromo kwenye redio. Ukisikia mkoromo unaokoma ukizima feni, tafuta kingine. Redio ya kuombea msaada haifai kuzibwa masikio kwa ajili ya feni. Vilevile mota zina sumaku. Zikae mita moja mbali na dira, kisha uziwashe na kuzizima ukiitazama sindano. Isicheze.

Mwisho washa kila kitu kwa pamoja, pima volti kwenye betri na pale waya unapoingia kwenye kipunguza volti, kisha pale unapotoka na kwenye feni ya mbali kabisa. Tofauti ya kipande chochote kati ya hivyo viwili ikizidi 0.4 kuna kiungo kibovu, na kwa kawaida kitakuwa kimepata joto, kiguse utakijua.

Feni ya kitandani

Kazi yake ni nyingine. Haibadilishi hewa, na haiipozi. Inakausha jasho mwilini. Upepo wa mwendo wa mita moja kwa sekunde juu ya ngozi hukufanya uhisi kama joto limeshuka nyuzi tatu hivi. Iweke miguuni, ielekee kifuani, isikupige machoni usiku kucha. Kila kitanda kiwe na yake yenye swichi ya kufikiwa ukiwa umelala. Kama kuna chandarua, feni ikae ndani ya chandarua au iguse wavu wake. Ikiwa mbali, nguvu yake inaishia kwenye matundu.

Anza kuvuta hewa magharibi, jua likishatua, hata kama hujaingia kulala. Wakati huo hewa ya nje imeanza kupoa ilhali ndani bado ni tanuri, na kila dakika ya feni inafanya kazi maradufu.

Petroli, gesi na moshi

Hapa hakuna maoni yangu, ni sheria za kimaumbile. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani. Gesi ya kupikia vilevile. Feni ya kompyuta, pamoja na swichi yake na waya zake, isikae kamwe kwenye chumba cha injini ya petroli au penye tangi. Huko kunatakiwa feni maalumu iliyozibwa isiwashe mvuke, yenye bomba linaloshuka mpaka chini ya ngama na kutolea nje, na iendeshwe angalau dakika nne kabla ya kuwasha injini ya ndani. Kisha nusa mwenyewe kabla ya kuwasha, ila usitegemee pua peke yake.

Feni ya kutolea hewa inapunguza msukumo wa hewa ndani ya kabini. Kama pa kuingilia ni padogo, au pako nyuma karibu na ekzosi ya injini au jenereta, itavuta moshi ndani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Zima feni za kuvuta injini inapofanya kazi, au fungua dirisha la omo na uache hewa isukumwe kutoka mbele. Jiko la makaa lisiingizwe kabini hata kwa kuinjika chai, feni ziwe ngapi. Kengele ya kaboni monoksaidi ya betri ni kitu kidogo. Ifunge karibu na vichwa vya wanaolala.

Ukiiacha boti peke yake, na kuhusu chumvi

Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho maji ya robo lita au zaidi kwa usiku, kwa hiyo boti tupu ina unyevu mdogo wa kutoa kuliko boti yenye watu. Feni moja iliyounganishwa na paneli ndogo ya wati 10, inayozunguka jua likiwepo na kusimama likizama, inatosha kuzuia koga, na betri haiguswi. Pitishia kipunguza volti, maana paneli peke yake inaweza kufika volti 20. Nyanyua magodoro yasimame ubavu, fungua makabati yote na mifuniko ya sakafu, hewa ipite nyuma ya vitu.

Kila mwezi toa ubao, osha nyavu kwa maji matamu na sabuni, futa mapanga ya feni kwa kitambaa chenye unyevu. Chumvi hunywa maji hewani na kurudisha unyevu ulioutoa. Usipoifuta, wavu hautakauka hata siku ya jua. Zungusha kila feni kwa kidole ikiwa imezimwa: ikikwaruza au ikisimama ghafla, bearingi imeliwa, ibadilishe kabla haijaanza kula umeme zaidi. Vua fyuzi moja moja uangalie kama miguu yake ina ukijani. Hasa usiikose kazi hii kabla ya tangambili, Machi na tena mwezi wa Oktoba, upepo ukiwa haujaamua utoke wapi. Na uwe na feni mbili za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, zimeshaungwa waya na lagi zake (vichwa vya kubania waya), ili ile itakayokufa usiku ibadilishwe kwa bisibisi tu.